Bawabu Asiyeuliza Jina

Pini hazikuinuka.

Vidole alikuwa ameuweka ubao wake mezani kama alivyouweka kila asubuhi, akalipapasa tundu la kompyuta kwa kidole gumba, akachomeka waya, kisha akalaza vidole juu ya ule mstari wa pini ndogo. Siku zote, kabla hata hajakaa sawa kitini, pini zilisisimka chini ya vidole kama ngozi iliyopigwa na upepo wa baridi, na maneno yaliyokuwa kwenye kioo yakageuka nukta nundu, maandishi ya wasioona. Leo ulikuwa ubao tu. Ungeweza kukatia vitunguu.

Alichomoa. Akalipuliza tundu. Akachomeka tena.

"Vipi, Vidole, umeme umekukataa?" aliuliza karani wa meza ya pili, mwanamke ambaye kicheko chake hakikukaa mbali.

"Umeme upo. Nasikia feni ya mashine."

"Basi huo ubao umenuna. Umeuudhi nini?"

Vidole alicheka kidogo, kicheko cha kuazima. Kazi yake katika ofisi ile ilikuwa kusikiliza rekodi za vikao na mashauri, kuziandika, halafu kuzihakiki neno kwa neno kabla hazijapigwa muhuri. Masikio yalikuwa na kazi yake, yamefungwa kwenye rekodi. Vidole ndivyo vilivyosoma, na ndivyo vilivyompa jina. Bila ubao angeweza kuandika, lakini asingejua ameandika nini. Mpishi asiyeruhusiwa kuonja.

"Si uzime mashine, uwashe?" karani alisema.

"Printa ya ofisi nzima inapitia kwenye mashine hii. Nikizima, nyote mmekwama."

Neno "nyote" lilimtoa meneja ofisini kwake. Alisikiliza, akaangalia saa, akatoa ruhusa kwa sauti kubwa ili kila mtu ajue imetolewa. Mashine ikazimwa, foleni ya kuchapa ikasimama, watu wakakunja mikono. Ilipowaka tena huku ubao umechomekwa, pini ziliinuka. Ofisi nzima ikapiga makofi, yale makofi anayopigiwa mtoto aliyepiga hatua ya kwanza. Vidole alikuwa na umri wa kuwazaa baadhi yao.

Baadaye kidogo alikwenda haja. Alichomoa ubao akaenda nao kwapani, kwa sababu kuna siku aliuacha mezani akakuta mtu ameuwekea kikombe cha chai, na kifaa kile hakinunuliwi dukani kama betri. Aliporudi na kuuchomeka, pini zililala chali kama mwanzo.

Meneja alikuwa bado amesimama pale. "Kwa hiyo, mzee, kila ukienda chooni tuzime ofisi nzima?"

Watu walicheka. Si wote. Karani wa meza ya pili hakucheka, na Vidole aliusikia ukimya wake.

"Ni hili toleo la majaribio, sivyo?" meneja aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, sauti ya upole ambayo ndiyo mbaya zaidi. "Mkeo ameliweka Jumamosi."

"Ndiye. Alitaka tujue mapema kama lina kasoro."

"Basi tumejua mapema. Ijumaa linatolewa rasmi. Jumatatu mashine zetu zote zinalipokea zenyewe, hiyo ni amri kutoka juu. Siwezi kubakiza mashine moja nyuma kwa ajili ya mtu mmoja. Likigoma na ubao wako, nitakuhamishia mapokezi. Una sauti nzuri. Utajibu simu."

Watu wakikosa pa kukuweka, hukusifia sauti.

"Nina hadi Jumatatu?" Vidole aliuliza.

"Una hadi Jumatatu. Mwambie mkeo akurudishie lile la zamani kwa wiki hii, tusije tukagombana."

*

Mkewe walimwita Fundi, mtaa mzima, hata mama mkwe wake. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: meza moja ndefu, harufu ya lehemu, ving'amuzi vya televisheni vilivyofunguliwa matumbo, na kompyuta iliyounganishwa kwa waya wenye umri mkubwa kuliko ndoa nyingi. Zaidi ya ving'amuzi alikuwa na kandarasi ya kutunza mashine za ofisi ya mumewe. Mashine hizo, kama ile ya nyumbani, zilitumia mfumo huria, ule ambao haulipiwi na hauna mwenyewe, unaotengenezwa na watu waliotawanyika duniani kwa kujitolea. Kila toleo jipya kwanza hupelekwa kwa wajaribu. Fundi alikuwa mmoja wao.

Toleo la safari hii liligusa kipande kimoja tu, lakini kipande chenyewe ni cha mlangoni. Ni msimamizi wa vifaa. Nyumbani walimwita bawabu, kwa kuwa kazi yake ni hiyo: kila kinachochomekwa kwenye mashine hukiuliza wewe nani, kisha hukipeleka kwa programu inayohusika. Kipanya huku, kamera kule, ubao wa nukta nundu kwa msomaji wake.

"Haiwezekani," Fundi alisema aliposikia. Hakuacha kuchomelea. "Nimelijaribu hapa hapa wiki nzima. Wewe mwenyewe ulikuwa unasoma."

"Nilikuwa nasoma."

"Sasa?"

"Sasa leo nimepigiwa makofi."

Kwenye kigoda cha pembeni, mama yake Vidole alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Aliacha. "Makofi ya nini?"

"Ya kufanikiwa kusoma, mama."

"Nani aliyepiga?"

"Mama, acha kwanza."

"Nimeuliza tu. Niwajue."

Fundi aliweka chini kifaa cha lehemu, akafuta mikono. Aliwasha kompyuta huku ubao umechomekwa. Pini zikasimama wima, zenye utii kama askari. "Haya, shika. Soma. Kuna tatizo gani? Tatizo ni la mashine yenu ya ofisini, bwana wee, imechoka. Usinitie doa kwenye kazi yangu."

Vidole alisoma mstari mmoja, wa pili. Kila neno lilikuwepo. Kisha vidole vyake vikatembea bila kusoma.

"Nani ameuchomeka?"

"Mimi. Si umesimama hapo?"

"Na kila asubuhi nikiamka, ubao uko tayari. Huwa nani?"

"Mimi tena. Nachomeka, nawasha mashine, nabandika maji ya chai. Tangu tuoane. Leo ndio unauliza?"

"Unachomeka kwanza, halafu unawasha."

"Ndiyo, si ndio..."

"Chomoa," Vidole alisema. "Zima. Washa bila ubao. Iache mashine ikae, kama ya ofisini inavyonikuta. Halafu nipe mimi."

Alifanya hivyo. Vidole akachomeka kwa mkono wake. Wote watatu wakasubiri, na mama, ambaye hakujua kinachosubiriwa, alisubiri kuliko wote. Pini hazikusogea.

Fundi alijishika kichwa. Alikwishaelewa. Mashine inapoamka, programu ya nukta nundu huzunguka yenyewe na kukagua kila tundu, haimhitaji bawabu. Ni mashine ikishaamka ndipo mgeni anapofika mlangoni na kumtegemea bawabu amtangaze. Kwa miaka yote ya ndoa yao, Fundi alikuwa akimpitisha mumewe kabla mlango haujafungwa. Alikuwa amelijaribu toleo zima kwa mapenzi, na mapenzi yakaziba tundu.

"Na nikawaandikia kwamba limepita," alisema.

"Uliandika ulichokiona."

"Usinitetee. Kuna jingine." Alivuta waya mfupi mweusi kutoka kwenye king'amuzi kilichokuwa mezani, akamwekea mumewe mkononi. "Huu ndio ninaotumia kuzungumza na ving'amuzi. Ndani yake kuna kichipu cha bei ya kutupa. Kwenye ubao wako kimo hicho hicho, na vyote vinataja namba ile ile. Bawabu wa zamani akiisikia hiyo namba anasema, karibu, ubao wa nukta nundu. Anaunyakua waya wangu na kuupeleka kwa msomaji wako, na king'amuzi cha mtu kinafia mikononi mwangu katikati ya kazi. Kimoja nilikilipa. Mafundi wa dunia nzima tulipiga kelele. Tulikuwa wengi. Wakaamua namba hiyo wamfutie bawabu asiijue tena. Ndilo toleo hili."

"Na wewe ulipiga kelele."

"Nilipiga. Na walipokubali nilifurahi. Sikujua, haki ya nani, kwamba wewe unaingilia mlango huo. Kwangu ulikuwa unafanya kazi!"

Vidole aliuzungusha ule waya vidoleni. "Yaani ulinifukuza kazi, ukanibandikia na chai."

Ilikuwa kauli ya kuchekesha, na hakuna aliyecheka.

"Wamesema nini hao wenye mfumo wao?" mama aliuliza.

"Wamesema walio wengi wameteseka, mama."

"Ahaa." Alirudia maharage, akayachambua kwa ukali kana kwamba mabovu yamo kwa makusudi. "Mwalimu mkuu wa shule yako ya kwanza aliniambia hivyo hivyo. Mama, darasa lina watoto wengi, haliwezi kusimama kwa ajili ya mmoja. Nikamwambia sawa, baba, na mimi nitakaa hapa mlangoni, hao wengi wapite juu yangu. Nilikaa. Walipita siku ya kwanza, walipita siku ya pili. Siku ya tatu kitabu chako cha nukta nundu kikapatikana, kumbe kilikuwa stoo chini ya majembe."

"Alikuita kichaa."

"Aliniita na mengine. Alikuwa na viatu vya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika. Mpaka leo nikikutana na viatu vile namtafuta mwenyewe juu yake."

*

Aliyeshika mlango wa toleo lile alikuwa mtu wasiyewahi kumwona. Yeye ndiye aliyekusanya taarifa za wajaribu na kuamua nini kinaingia na nini kinatoka. Mama alipoelezwa kazi yake alimwita Mwenye Funguo, na jina likamganda.

Fundi alimwandikia jioni ile ile: taarifa yangu ya kwanza haikuwa sahihi, kifaa hakitambuliwi kikichomekwa kwenye mashine iliyokwisha kuwaka, hatua za kuthibitisha ni hizi. Jibu lilikuja kesho yake, la adabu, lisilo na kasoro.

Vidole alilisoma mwenyewe. Mwenye Funguo alishukuru. Alisikitika. Alikumbusha kwamba taarifa ya kwanza ya Fundi na za wajaribu wengine zilisema limepita. Waliosumbuliwa na kanuni ya zamani ni maelfu, aliandika, na wenye ubao wa aina yenu sidhani kama wanafika kumi. Tunafunga mlango Ijumaa saa sita mchana. Kwa sasa watumiaji hao wanaweza kuwasha mashine huku ubao umechomekwa.

Vidole aliirudia sentensi ya mwisho kwa kidole kimoja.

"Wanaweza," alisema. "Wanaweza pia kupiga magoti."

"Usimjibu ukiwa na hasira," Fundi alisema.

"Sasa nimjibu lini? Nikiwa mapokezi?"

"Mwache aandike," mama alisema. "Hasira hii ina anwani. Ni ile isiyo na anwani ndiyo inayovunja vyombo."

Vidole alivuta kibodi. Hakuandika haraka, aliandika kama anavyoandika mashauri, kwa uangalifu wa mtu anayejua maneno yatapigwa muhuri. *Mimi ni mmoja wa hao wasiofika kumi. Taarifa ya kwanza iliandikwa na mke wangu, ambaye ni mmoja wa hao maelfu. Tunatumia meza moja. Yeye ana haki ya kufanya kazi na waya wake usinyakuliwe, na mimi nina haki ya kwenda chooni na kurudi nikakuta kazi yangu ipo. Unasema wajaribu wote wamepitisha. Nauliza mambo mawili. Kati yao, wangapi hawaoni? Na hao wasioona, nani aliwachomekea?*

Alimwomba Fundi asibadilishe hata nukta. Fundi alisoma, akaguna, akabonyeza kutuma.

Siku ikapita. Ofisini Vidole alifanya kazi kwenye toleo la zamani kama mpangaji aliyepewa notisi. Meneja alimpeleka mapokezi "kutembea tu," akamwonyesha kiti, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya simu. Simu ilikuwa na vumbi. Kijana wa mapokezi akasema, "Karibu, mzee, huku hakuna presha." Vidole alishukuru, akapangusa vumbi kwenye suruali, akarudi kwenye meza yake na kuhakiki shauri zima bila kuinua kichwa.

Jibu lilimkuta Jumatano mchana.

*Nimewauliza,* Mwenye Funguo aliandika. *Ni wawili tu wasioona. Mmoja huchomekewa na dada yake. Wa pili huwa hachomoi kabisa. Sikuuliza mwanzoni, hilo ni kosa langu. Kazi hii naifanya bila mshahara, mchana niko ghalani napakia mizigo, lakini hiyo si sababu. Kila kifaa hutaja namba, na hutaja pia jina. Bawabu wetu alikuwa anasikiliza namba tu, maana ndiyo njia fupi. Nimemwandikia kanuni mpya inayouliza vyote viwili. Nahitaji mtu mwenye ubao na mwenye waya, kwenye mashine moja. Sijui mwingine zaidi yenu.*

Fundi alimsomea mama mkwe wake.

"Anapakia mizigo?" mama aliuliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Basi ana mgongo. Tunaweza kuongea naye."

*

Alhamisi Vidole aliomba ruhusa kazini, na Fundi aligeuza kibao cha mlangoni: LEO HATUPOKEI. Mteja mmoja aliyekuja kuulizia king'amuzi chake alichungulia dirishani, akaona mwanamke, mwanamume na bibi kizee wameizunguka kompyuta kimya.

"Kuna msiba?"

"Kuna majaribio," Fundi alisema. "King'amuzi chako kiko kazini. Njoo kesho."

"Kesho kuna mechi!"

"Ndiyo maana nimesema kesho, sikusema keshokutwa."

Mume alikuwa ameweka sharti moja. Kila kitu atakigusa yeye. Ubao, tundu, waya. Fundi atashughulika na waya wake tu, na kuangalia kioo.

Walianza. Mashine iliwaka bila kitu, ikakaa. Vidole akalitafuta tundu. Alichomeka, upande ukawa sio. Akaugeuza, ukawa sio vile vile. Akaugeuza tena, na sasa ulikuwa ule wa kwanza uliokataa. Mkono wa Fundi ukatoka wenyewe, kama unavyotoka mtoto akijikwaa.

"Toa mkono."

"Sijagusa."

"Nimesikia bangili."

Fundi aliurudisha. Ulitoka tena. Mama akasogeza kigoda, akauchukua ule mkono na kuuweka mapajani mwake, akaufunika kwa viganja vyake viwili vilivyonuka maharage. "Tulia, mkwe wangu," alisema. "Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilimfunga kamba za viatu mpaka akaota ndevu. Hatufi kwa kutazama."

Waya uliingia. Kimya kidogo, kisha pini zikasisimka.

Vidole alivuta pumzi kupitia puani. Fundi aliruka, akachomeka waya wake wa ving'amuzi kwenye tundu la pili, na bawabu, safari hii, hakuunyakua. King'amuzi cha mwenye mechi kiliamka na kuanza kuongea. Viwili, namba moja, kila kimoja kwa mwenyewe. Fundi alikimbilia kibodi. "Limepita! Naandika limepita."

"Bado."

"Bado nini, mume wangu? Vyote vinafanya kazi!"

"Uliandika hivyo na mara ya kwanza." Alichomoa ubao, akauweka kwapani, akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Chooni."

Alikwenda kweli. Walimsikia akipapasa ukuta wa ukumbi, mlango, maji, mlango. Akarudi, akakaa, akachomeka. Pini zikabaki zimelala.

King'amuzi tu ndicho kilichoendelea kukonyeza taa yake ya kijani.

"Sawa," Vidole alisema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelikuta jiwe alilojua lipo njiani. "Sasa andika hivi: mara ya kwanza anatambua, mara ya pili hatambui. Mtumie."

Mwenye Funguo alijibu kutoka ghalani, maneno machache ya mtu anayeandika kwa kificho wakati wa mapumziko: bawabu hakuambiwa kwamba mgeni ametoka. Anadhani bado yumo ndani. Nitarekebisha. Kesho asubuhi.

"Kesho ni Ijumaa," Fundi alisema.

"Na mlango unafungwa saa sita," mama alisema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Vidole alimpigia meneja kuomba ruhusa nyingine, ya asubuhi ya Ijumaa. Meneja alikubali mara moja, kwa wepesi uliouma. "Chukua siku nzima, mzee. Huku hatujaharibikiwa kitu."

*

Kanuni iliyorekebishwa ilifika Ijumaa wakati maji ya kuoga yakiwa bado motoni. Hakuna aliyeoga. Fundi aliiweka kwenye mashine, akakaa, akaipeleka mikono yake mwenyewe mapajani mwa mama mkwe bila kuombwa.

Vidole alichomeka. Pini zikainuka. Alichomoa, akazunguka meza, akachomeka. Zikainuka. Alichomeka wakati waya wa Fundi umetangulia, akachomeka wakati unafuata. Alichomeka kwenye tundu la mbele, akachomeka kwenye tundu la nyuma lililolegea ambalo Fundi alikuwa ameapa kulibadilisha tangu zamani. Alikwenda chooni mara nyingi kuliko mgonjwa wa tumbo. Safari moja pini zilichelewa, na Fundi alifumba macho, kisha zikaja.

"Mpaka lini?" Fundi aliuliza hatimaye. "Saa zinakwenda. Akikosa taarifa yetu atalitoa toleo bila kanuni hii."

"Mpaka nichoke mimi. Si wewe."

"Na umechoka?"

Alichomeka mara moja zaidi, akalaza vidole, akasoma mstari mzima uliokuwa kwenye kioo, taratibu, kana kwamba una utamu. "Nimechoka," alisema. "Sasa andika."

Waliandika pamoja, yeye sehemu yake, mkewe sehemu yake. *Waya: haunyakuliwi. Ubao: unatambuliwa, mara ya kwanza na mara zote zilizofuata, umechomekwa na mtumiaji mwenyewe.* Maneno matatu ya mwisho Vidole aliyaandika kwa mkono wake.

"Na mimi nitieni humo," mama alisema.

"Tukutie kama nani, mama?"

"Aliyeshika mkono."

Wakamtia. Wanaosoma kumbukumbu za toleo lile hadi leo huenda wakajiuliza mjaribu wa tatu alikuwa na kifaa gani.

Adhuhuri ilipopita, Fundi alitazama kioo akaona kanuni imo ndani ya toleo. Mwenye Funguo hakuandika barua ndefu. Aliandika: *Imeingia. Asanteni. Toleo lijalo nitauliza kwanza nani anachomeka.* Kisha, pengine, akarudi kwenye mizigo yake.

Mwenye mechi alikuja kuchukua king'amuzi. Fundi alimpa, na alipotaka kujua majaribio yameishaje, alimjibu kwamba televisheni yake itamwambia.

*

Jumatatu Fundi aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida. Aliwasha mashine. Alibandika maji ya chai. Mkono wake ulikwisha kuufikia waya wa ubao, umeushika kabisa. Aliuachia ukaanguka mezani, akarudi kitandani na kujilaza ubavu, viganja vyote viwili chini ya shavu kama mtu anayeficha kitu.

Vidole aliamka. Alipapasa, akaukuta waya haujachomekwa. Alisimama kidogo. Fundi alisikia waya ukikwaruza bati, upande sio, ukageuzwa, sio tena. Aliuma mto. Kutoka chumba cha pili mama alikohoa, kikohozi cha kusema nami niko macho.

Kisha kimya, na baada ya kimya, sauti ile ndogo ya pini, tititi, kama mvua inayoanza juu ya bati la jirani.

Ofisini, mashine zote zilikuwa zimelipokea toleo jipya zenyewe, kama amri ilivyosema. Yake ilikuwa imewaka tangu alfajiri, printa inachapa, foleni inatembea. Meneja alitoka na kusimama pembeni, mikono nyuma. Karani wa meza ya pili aliacha kuandika. Safari hii hakuna aliyejiandaa kupiga makofi; hawakujua wajiandae kwa lipi.

Vidole aliweka ubao. Akalitafuta tundu, akalikosa, akalipata. Akachomeka. Pini ziliinuka zikaujaza mkono.

"Ehee," meneja alisema. "Basi imekuwa heri. Mapokezi nitawaambia..."

Hakumaliza. Vidole alikuwa amechomoa ubao, ameutia kwapani, na ameinuka.

"Sasa wapi tena, mzee? Si umefanya kazi?"

"Chooni, bosi."

Alipita katikati ya meza, ubao kwapani, hatua za mtu anayekijua chumba chake. Hakuwa na haja yoyote. Alinawa mikono, akaikausha vizuri kidole kimoja kimoja, akasimama kidogo akisikiliza printa ya ofisi ikiendelea kuchapa bila kukatika. Kisha akarudi, akakaa mbele ya meneja aliyekuwa bado amesimama palepale, na akachomeka.